Je, Wajua? Tabaka Lililopanda Jahazi

Je, wajua kwamba Msumbiji, pamoja na visiwa vyake vyote vya Kirimba, iliwahi kutawaliwa kutoka India? Ndiyo, India! Mpaka mwaka 1752 gavana wa Msumbiji alikuwa akipokea amri kutoka Goa, kwa sababu Wareno walikuwa wameweka makao makuu yao ya mashariki huko.

Sogea basi, ndugu yangu, tukae. Mvuvi wa Macaloe, kile kisiwa kidogo kilicho karibu na Pangane, anapoanika samaki wake mchangani hupigwa usoni na kaskazi. Upepo huohuo ndio ulioleta majahazi ya Gujarati kwa mamia ya miaka. Majahazi yalishusha nguo na shanga, na yalishusha pia watu walioamini kwamba kazi ya mtu, heshima yake, na hata nani wa kula naye sahani moja, huamuliwa na tumbo alilotoka. Hayo ndiyo matabaka ya Kihindu, na habari zake zitakushangaza.

Wajua Vasco da Gama alipofika Malindi, Aprili 1498, aliwakuta Wahindi wameshatangulia? Mwandishi wa safari ile alieleza ndevu zao ndefu, nywele zao za kusuka, na kwamba walimwambia hawali nyama ya ng'ombe. Walipoonyeshwa picha ya Bikira Maria, wakasujudu, na Wareno wakafurahi wakidhani wamepata Wakristo wenzao!

Na hili je? Mwaka 1686 Wareno waliwapa wafanyabiashara wa Kihindi walioitwa Wabanyani, wa kisiwa cha Diu, haki ya kuendesha peke yao biashara kati ya Diu na Msumbiji. Haki hiyo ilidumu hadi 1777. Piga hesabu: miaka 91! Nguo iliyotoka kwenye vitanda vya wafumaji wa Gujarati ndiyo iliyokuwa fedha ya pwani hii, hukununua pembe wala chakula bila kupima doti.

Pembe nazo zilikwenda wapi? Mikononi mwa maharusi. Bibi harusi wa Gujarati alivishwa bangili za pembe za ndovu kuanzia kifundo cha mkono kupanda juu, na mumewe akifa bangili zile zilivunjwa. Kila harusi ilidai bangili mpya, na kila bangili ilidai ndovu wa Afrika. Na sikiliza hili: wengi wa wafanyabiashara waliopeleka pembe hizo walikuwa watu wa dini zinazokataza kuua kiumbe chochote, wasiogusa nyama maishani mwao. Baadhi yao waliingia hata kwenye biashara ya watumwa.

Sasa uliza, matabaka hayo ni mangapi? Vitabu vya kale vinataja makundi 4: Mabrahmini, ambao ni makuhani na wasomi, kisha wapiganaji, kisha wafanyabiashara na wakulima, kisha watumishi. Lakini mitaani hayakuwa 4 hata kidogo. Kuna maelfu ya vikundi vya kuzaliwa, na kila kimoja kina kazi yake, vyakula vyake na mipaka yake ya ndoa. Chini ya wote waliwekwa wale walioitwa wasioguswa, ambao leo wengi wao hujiita Wadaliti.

Wajua kutoguswa kulipimwa kwa hatua? Huko Kerala, India ya kusini, waandishi wa zama za Waingereza waliandika kwamba mtu wa tabaka la Wapulaya alitakiwa kusimama hatua 96 mbali na Brahmini. Hebu inuka hapo ulipo uhesabu hatua 96, halafu geuka nyuma uangalie ulikotoka. Umbali huo ndio mtu aliotakiwa kuuweka kati yake na mwanadamu mwenzake, ati kivuli chake kisilete najisi.

Huko Poona nako, chini ya watawala walioitwa Mapeshwa, mtu wa tabaka la chini alilazimika kufunga ufagio kiunoni afute nyayo zake mwenyewe, na kuning'iniza chungu shingoni ili mate yake yasidondoke chini. Aliyeyaandika hayo ni Bhimrao Ambedkar, na tutarudi kwake. Mshike huyo!

Kwanza tuvuke bahari. Je, wajua kwamba kwa Wahindu wengi wa tabaka za juu kuvuka bahari kulikuwa kosa la kumtoa mtu katika tabaka lake? Waliiita bahari maji meusi. Aliyerudi alitakiwa kujitakasa, na waliokuwa wagumu wa mila walisafiri na chakula chao na maji yao ya kunywa. Kwa miaka mingi Wabanyani wa Zanzibar waliwaacha wake zao Kutch, India, wakaishi huku wanaume peke yao.

Na wajua nani aliyefukuzwa na tabaka lake kwa kosa hilo? Mohandas Gandhi! Mwaka 1888, akiwa na miaka 18, aliitwa, huko Bombay, mbele ya mkutano wa watu wa tabaka lake, akaambiwa safari ya Uingereza ni marufuku. Akakataa kutii. Mkuu wao akatangaza papo hapo kwamba kijana huyu si mwenzetu tena, na atakayemsaidia au kumsindikiza bandarini atatozwa faini ya rupia 1 na ana 4. Gandhi akapanda meli tarehe 4 Septemba.

Aliporudi, kaka yake alimpeleka kwanza Nasik akaoge katika mto mtakatifu, kisha akawaalika watu wa tabaka kwenye karamu huko Rajkot. Baadhi wakamsamehe, wengine wakagoma. Ikawa hawezi kunywa hata maji nyumbani kwa wakwe zake! Mashemeji walikuwa tayari kumpa kwa siri, Gandhi akakataa: jambo asiloweza kulifanya hadharani, hakutaka kulifanya uchochoroni.

Ngoja, bado. Mwaka 1893 Gandhi huyohuyo alipita pwani yetu. Meli yake ilitia nanga Lamu, ambako nusura imwache kwa sababu ya mkondo mkali, kisha Mombasa, kisha Zanzibar alikokaa zaidi ya wiki moja. Kutoka Zanzibar alichukua meli nyingine hadi Msumbiji, na mwishowe Natal. Fungua ramani uangalie: njia ya kutoka Zanzibar kwenda Msumbiji inapita mbele ya visiwa vya Kirimba. Kijana aliyetengwa kwa kuvuka maji alipita nje ya Macaloe, na hakuna aliyemjua!

Wadhani tabaka lilizama baharini? Halikuzama, lilishuka bandarini pamoja na mizigo. Zanzibar familia ya Jairam Shivji, ya tabaka la Wabhatia, ilikodi forodha ya Sultani Seyyid Said, ikakusanya ushuru wa pwani nzima, wakati wafua dhahabu walikuwa watu wa tabaka lao, madobi wa lao na washona viatu wa lao.

Nairobi je? Angalia kriketi. Klabu ya Kanbis, iliyotoa wachezaji wengi wa timu ya taifa ya Kenya, ni ya jamii ya Wapatel wa Kutch, na jina lake ndilo jina la tabaka lao la wakulima. Watu wa tabaka la Lohana wana ukumbi wao, Mabrahmini wana wao, Wapatel wa Charotar wana wao.

Na hao wa Charotar, huko Gujarati, wana ajabu yao. Kuna vijiji 6 vinavyojiona bora kuliko vingine: Nadiad, Karamsad, Vaso, Dharmaj, Bhadran na Sojitra. Mtu angeweza kuzaliwa Kampala, asiione Gujarati hata siku moja, lakini posa ikija swali la kwanza ni moja tu: kijiji chenu kipi?

Mambo mengine yalipinduka kabisa. Masingasinga, ambao si Wahindu na dini yao inakataa matabaka, nao walikuja nayo. Kule Punjab wenye sauti ni Majat, wakulima wenye ardhi. Afrika Mashariki wengi walikuwa Ramgarhia, yaani maseremala na wahunzi, walioletwa kwa kazi ya reli. Fundi aliyekuwa chini kwao akawa mkubwa huku.

Wajua hata ubatizo haukuosha tabaka? Wakatoliki wa Goa walikuwa wameshaacha uhindu kwa karne kadhaa, na bado familia zilijua nani ni wa ukoo wa Kibrahmini na nani si wa ukoo huo. Nairobi mafundi cherehani wa Kigoa walikuwa na chama chao mbali na klabu ya makarani. Na waziri mkuu wa Ureno kutoka 2015 hadi 2024, António Costa? Baba yake, mwandishi Orlando da Costa, alizaliwa mwaka 1929 Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya leo, katika familia ya Wagoa Wakatoliki wa asili ya Kibrahmini.

Kabla hujacheka, ndugu yangu, tujitazame sisi. Pwani yetu ilikuwa na waungwana na watumwa, na jina la babu lilifungua milango au kuifunga. Hata leo kuna nyumba ambazo posa ya Mmakonde kwa binti wa Kimwani haijibiwi haraka. Ubaya wa kumpima mtu kwa tumbo lililomzaa tunaujua wenyewe.

Haya, furahi kidogo. Je, wajua kulikuwa na Sheikh ambaye ni Mhindu? Sultani Qaboos wa Oman alimpa cheo cha Sheikh mfanyabiashara wa Kibhatia wa Muscat, Kanaksi Khimji, ambaye duka la ukoo wake lilianza mwaka 1870. Akatambulika kuwa Sheikh Mhindu wa pekee duniani mpaka alipofariki 2021.

Na kuna Waafrika ndani ya matabaka ya India! Wanaitwa Masidi. Mababu zao walivushwa kutoka pwani hii, wengine kutoka Msumbiji kwa meli za Wareno, na leo wapo Gujarati, Diu, Goa na Karnataka. Wa Gujarati ni Waislamu, wanaopiga ngoma kwenye kaburi la Bava Gor, mtu mweusi anayeheshimiwa kuwa walii. Wa Karnataka wako Wahindu, wako Wakristo na wako Waislamu, na mwaka 2003 serikali iliwaingiza kwenye orodha ya makabila yanayostahili nafasi maalumu za masomo na kazi. Nywele za kipilipili, Kikannada fasaha!

Sasa tufike penye moto. Mwaka 1925, katika mji wa Nagpur, siku ya sikukuu ya Vijayadashami, kilianzishwa chama cha RSS. Shabaha yake ni kuifanya India taifa la Kihindu. Na wajua tawi lake la kwanza nje ya India lilianzia wapi? Baharini, kwenye meli ya kuja Mombasa! Mwaka 1946 kijana aliyeitwa Jagdish Chandra Sharda alikutana melini na mwanachama mwenzake, wakaanza kusali sala ya chama. Januari 1947 tawi likazinduliwa Nairobi, miezi saba kabla India haijapata uhuru.

Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 30 Januari 1948, Gandhi alipigwa risasi 3 alipokuwa akienda kusali mjini Delhi. Aliyemuua, Nathuram Godse, alikuwa Mhindu wa tabaka la Brahmini aliyewahi kuwa mwanachama wa RSS, na kosa la Gandhi machoni pake lilikuwa kuwahurumia Waislamu mno. Siku chache baadaye, Februari 1948, serikali ikakipiga chama hicho marufuku, kisha 1949 ikakifungulia. Na sehemu ya majivu ya Gandhi ikaletwa kwetu: yalimwagwa Jinja, Uganda, pale Mto Nile unapotoka ziwani!

Sasa yule niliyekwambia umshike. Ambedkar alizaliwa mwaka 1891 katika tabaka la wasioguswa, akasoma hadi akapata shahada za udaktari New York na London. Huko Mahad kulikuwa na bwawa la maji la mji. Ng'ombe walikunywa, mbwa walikunywa, lakini watu wa tabaka lake hawakuruhusiwa. Tarehe 20 Machi 1927 akawaongoza maelfu hadi ukingoni, akainama, akateka maji kwa kiganja, akanywa. Wote wakanywa. Basi! Watu wa tabaka za juu wakawavamia kwa marungu, kisha wakalitakasa bwawa kwa vyungu 108 vya maziwa, mtindi, mavi na mkojo wa ng'ombe. Mavi ya ng'ombe yalihesabiwa safi kuliko kiganja cha mtu mwenye udaktari.

Tarehe 25 Desemba mwaka huohuo, palepale Mahad, Ambedkar na wenzake wakakichoma moto hadharani kitabu cha Manusmriti, chenye kanuni za kale za matabaka. Mwaka 1936 akaalikwa Lahore akahutubie watu waliosema wanataka kuvunja matabaka. Waliposoma hotuba yake kabla ya mkutano, wakaogopa, wakaufuta. Akaichapa mwenyewe nakala 1,500, na mpaka leo inasomwa dunia nzima.

Halafu akaandika katiba! Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati iliyoandaa rasimu ya katiba ya India, na ibara ya 17 inafuta kutoguswa moja kwa moja. Na mwaka 1956, tarehe 14 Oktoba, akaacha dini ya Kihindu na kuingia Ubuddha pamoja na mamia ya maelfu ya watu. Wapi? Nagpur. Siku gani? Sikukuu ya Vijayadashami. Mji uleule, sikukuu ileile ya kuzaliwa RSS, miaka 31 baadaye!

Tarehe zina mambo, ndugu yangu. Ambedkar alichoma kitabu tarehe 25 Desemba 1927. Tarehe 25 Desemba 1968, katika kijiji cha Kilvenmani, Tamil Nadu, wenye mashamba waliwachoma moto Wadaliti 44 ndani ya kibanda, wengi wao wanawake na watoto, kwa sababu vibarua walidai ujira zaidi. Washtakiwa wenye mashamba wakaachiwa huru kwenye rufaa. Ambedkar alifariki tarehe 6 Desemba 1956, na tarehe 6 Desemba 1992 umati wa Wahindu wenye siasa kali uliubomoa Msikiti wa Babri huko Ayodhya. Ghasia zilizofuata ziliua watu wapatao 2,000, wengi wao Waislamu. Na Januari 2024 hekalu jipya lilifunguliwa mahali pale.

Bihar nako: usiku wa tarehe 1 Desemba 1997 jeshi la mgambo la wenye ardhi, Ranvir Sena, liliwaua watu 58 katika kijiji cha Laxmanpur Bathe. Mahakama ya chini iliwahukumu watu 26. Mwaka 2013 mahakama kuu ikawaachia wote.

Macaloe inalijua neno hili la kuua kwa jina la Mungu. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, siku mji wa Mocímboa da Praia uliposhambuliwa, vijana wanaodai kuutetea Uislamu wamechinja Waislamu, Wakristo na kila aliyekuwa njiani mwao, na mwaka 2022 waliokuwa wameyahama makazi yao walizidi milioni 1. Dini mbili tofauti, bahari katikati, na mwenye kufa ni yuleyule: kibarua, mvuvi, mama na mtoto wake.

Na India haiko mbali na moto wetu. Wajua kwamba kampuni za India zina asilimia 30 ya mradi wa gesi unaoongozwa na TotalEnergies huko Palma? Mradi huo ulisimamishwa 2021 baada ya Palma kuvamiwa.

Wajua pia kwamba Wahindi wa Msumbiji waliwahi kuadhibiwa kwa vita vya mbali? Desemba 1961 India ilipoitwaa Goa, Daman na Diu, Wareno waliwakusanya kambini Wahindi wenye uraia wa India waliokuwa Msumbiji, wakawafungia maduka, wakawafukuza. Waliokuwa na asili ya Diu, wenye uraia wa Ureno, walibaki. Baada ya uhuru wa 1975 wengi wao wakahamia Lisbon, na leo jamii ya Wahindu wa Lisbon ina mizizi yake Msumbiji.

Tabaka nalo likaendelea na safari. Mwaka 2015 mahakama ya kazi ya Uingereza iliamuru mtumishi wa ndani kutoka Bihar, aliyedharauliwa kwa sababu ya asili yake, alipwe zaidi ya pauni 180,000. Februari 2023 Seattle likawa jiji la kwanza Marekani kupiga marufuku ubaguzi wa tabaka.

India yenyewe je? Mwaka 1997 Mdaliti, K. R. Narayanan, akawa rais! Lakini sensa ya 2011 ilihesabu zaidi ya watu milioni 201 wa tabaka zilizokuwa zikiitwa zisizoguswa, idadi inayozidi watu wote wa Tanzania, Kenya na Msumbiji tukijumlishwa. Kati ya ndoa 100, takriban 5 tu ndizo zinazovuka mpaka wa tabaka. Na mwaka 2022 pekee, miaka 72 tangu ibara ya 17 ianze kutumika, polisi wa India waliandikisha kesi 57,582 za uhalifu dhidi ya watu wa tabaka hizo.